Injini Iliyokufa Siku ya Arubaini na Moja



Wasomaji wetu watukufu, juma hili tulikusudia kuendelea na mazungumzo yetu juu ya mahari, lakini tumeona tuyaweke kando kwanza. Kuna jambo lililotushughulisha kwa zaidi ya mwezi mzima, nalo ni la gari. Msituonee ajabu. Sisi si mafundi, na wanaotujua wanajua kwamba hata baiskeli hutushinda. Lakini gari hilo lilinunuliwa kwa mali ya mayatima, na sisi wenyewe ndio tuliosema kwamba hapana ubaya kulinunua. Kwa hivyo lilipozimika njiani, nasi tulikosa usingizi.

Kisa ni hiki, na mwenyewe ametupa idhini tukieleze bila ya kutaja majina. Mama mmoja wa Kisauni alifiliwa na mumewe akaachiwa watoto watatu, hakuna hata mmoja aliyebaleghe. Marehemu alikuwa amemuusia yeye mwenyewe awe msimamizi wa mali ya wanawe. Kazi yake mama huyu ni upishi: biriani na pilau za arusi, mahamri ya asubuhi, na viazi vya karai wakati wa Ramadhani. Kila alipopata kazi alilazimika kukodi gari la mtu, na nusu ya faida ikaishia humo. Eda ilipokwisha na mirathi kugawanywa, akatujia kutuuliza: je, yafaa kuzitia fedha za watoto katika gari la kazi, lipate kuwalisha, badala ya kuziacha zikae na kupungua? Tukamjibu kwamba msimamizi anaruhusiwa kuifanyia biashara mali ya yatima ikiwa ana tamaa njema ya manufaa na akajihadhari. Tukamwambia aandike hesabu. Akaandika: gari shilingi 720,000, robo yake, yaani 180,000, ni thumuni yake pamoja na akiba ya chama, robo tatu zilizobaki, 540,000, ni za watoto.

Karatasi hiyo ya hesabu iliwekwa ndani ya Msahafu wa marehemu, na baadaye ilikuja kutufaa sana.

Gari lenyewe lilikuwa la Kijapani, la viti saba, lililokwisha kutumika humu humu nchini na mtu mmoja kabla yake. Kanuni za Kenya haziruhusu kuingiza gari lililopita umri wa miaka minane, na hilo hufanya magari yanayoteremka bandarini kuwa na bei isiyoshikika na kila mtu. Wengi wetu hununua lile ambalo mwenzetu amelichoka. Si aibu. Ila gari la namna hiyo lina maisha yake ya nyuma ambayo mnunuzi hayajui, nalo halisemi.

Yadi ilimpa karatasi ya dhamana, au waranti kama wauzaji waiitavyo. Tumeisoma zaidi ya mara kumi. Ina maneno machache: injini na giaboksi zitadhaminiwa kwa siku 90, na dhamana haitatumika iwapo gari limefanyiwa mabadiliko yoyote. Akatia sahihi. Juma lililofuata akalipeleka gari kwa fundi wa vyuma, akang'olewa viti vya nyuma kabisa, pakawekwa ubao uliofunikwa bati ili masufuria yakae imara, na juu pakafungwa keria. Shemeji yake akamshauri atie na traka, kwa kuwa wizi umezidi. Akatia.

Siku ya 41 ilikuwa Ijumaa. Kulikuwa na arusi Mji wa Kale, watu wataoa baada ya swala, na mama yetu yumo njiani na masufuria manne ya biriani. Juu ya daraja la Nyali ikawaka taa nyekundu kwenye dashibodi. Hakusimama. Alituambia mwenyewe, bila ya kujitetea: "Sheikh, niliiona. Nikasema Yaa Rabbi nifikishe tu." Alipita Buxton, akapita Tononoka, na karibu na Makadara gari likatoa moshi, likagonga mara mbili tatu, likanyamaza. Vijana wa mtaa wakayateremsha masufuria wakayapakia kwenye mkokoteni. Wageni walikula, alhamdulillah, na nasikia hakuna aliyejua lolote.

Fundi aliyelifungua alikuta oili imechanganyika na maji hata imekuwa rangi ya chai ya maziwa, kichwa cha injini kimepinda kwa joto, na pistoni mbili zimekwama. Akasema hapana cha kutengeneza hapo. Ni kutia injini nyingine. Injini iliyotumika kutoka Japani ilikuwa shilingi 130,000, na kazi pamoja na oili, kulanti na vikorokoro vyake 38,000. Jumla 168,000.

Yadi ikakataa. Ilisema gari limebadilishwa: viti vimetolewa, keria imefungwa, nyaya zimekatwa kutia traka. Mama akarudi nyumbani, akatupigia simu usiku. Hakulia. Aliuliza neno moja tu: "Watoto nitawalipaje?"

Tulikwenda yadi siku ya pili pamoja na kaka yake. Mwenye yadi alitukaribisha kwa heshima na kahawa chungu, na tende juu yake. Tuseme haki: hakuwa mtu wa kelele. "Sheikh," alisema, "mimi sina ugomvi na mama. Karatasi ndiyo inayosema." Tukamwomba atueleze viti vya nyuma vimeiuaje injini ya mbele. Akacheka kidogo, akatuambia hayo ni ya mafundi. Basi tukamwambia, na waje mafundi.

Walikuja wawili, wake na wetu, na gari likiwa limefunuliwa boneti uwanjani. Hapa ndipo tulipojifunza mambo ambayo katika miaka yetu yote ya kupanda magari ya watu hatukuyajua.

Injini yataka joto, lakini joto la kiasi. Kuna kifaa kidogo, mfano wa kizibo chenye springi, kiitwacho thamostati. Injini ikiwa baridi, kizibo hufunga na maji huzunguka ndani ya injini peke yake mpaka yapate moto. Yakifika takriban nyuzi 80 za Selsiasi na kidogo juu yake, kizibo hufunguka na maji kwenda kwenye rejeta kupoa. Sasa, mafundi wengi wa pwani, na si wa pwani tu, huamini kwamba katika nchi ya joto kifaa hiki ni cha bure. Gari likichemka mara moja, hukitoa wakakitupa, maji yakaachiwa yapite tu. Mteja huona gari limepoa, akashukuru, akalipa. Kumbe injini hukaa baridi mno muda mrefu, kompyuta yake hudhani bado ni asubuhi ikazidisha petroli, na vyuma vikalika mapema. Tena katika baadhi ya injini kizibo hicho kina kazi ya pili, nayo ni kuziba njia ya mkato wakati wa joto. Kikiondolewa, njia ya mkato hubaki wazi, na sehemu ya maji hurudi ndani ya injini bila ya kufika kwenye rejeta. Siku ya mzigo mzito na foleni ndefu, gari lililodhaniwa limeponywa huchemka zaidi kuliko mwanzo.

Fundi akalegeza boliti mbili, akatuonyesha. Nyumba ya thamostati ilikuwa tupu. Na ndani ya rejeta hamkuwa na kulanti bali maji matupu, na magamba meupe yameganda pembezoni. Wenye visima Kisauni, Bamburi na Likoni mnayajua magamba hayo. Ndiyo yaleyale yanayokaa chini ya birika. Maji yetu ya visima yana chumvi na chokaa, na yakitiwa ndani ya rejeta hufanya humo yanayofanya ndani ya birika.

Mwenye yadi akasema haraka: "Basi mnaona! Fundi wake ameitoa." Na hilo lilikuwa shitaka zito, kwani kama kweli, basi mabadiliko yaliyoiua injini ni ya mnunuzi mwenyewe, na dhamana imekwisha kwa haki.

Tukamtazama mama. Akafungua simu yake. Gari hilo, kama magari mengi madogo ya siku hizi, halina mshale wa joto. Lina taa ya bluu inayowaka injini ikiwa baridi na nyekundu ikiwa moto kupita kiasi. Siku ya pili baada ya kulichukua gari, kabla halijaguswa na fundi yeyote, alimwandikia muuzaji wa yadi: mbona taa ya bluu haizimiki, nimetoka Kisauni mpaka Kongowea na bado inawaka? Akajibiwa: "Mama, hiyo ni kawaida ya magari ya Japani. Usijali." Ujumbe upo, na tarehe ipo.

Fundi wa yadi ndiye aliyenyamaza kwanza. Alijua maana yake. Taa ya bluu isiyozimika upesi katika joto la Mombasa ni dalili ya thamostati isiyofunga au isiyokuwepo. Mama aliuliza swali sahihi kwa mtu sahihi kwa wakati sahihi, akaambiwa asijali. Baadaye mwenye yadi mwenyewe, na hili tunamhesabia wema, alimpigia simu mtu aliyemuuzia gari lile. Yule bwana wala hakusitasita: naam, lilimchemkia mwaka uliopita njiani kutoka Malindi, na fundi wake akaitoa. Hakudhani ni jambo la kutajwa.

Wasomaji wetu, hapa twataka kusimama kidogo, kwani wapo waliotuambia: "Sheikh, basi mambo yamekwisha, muuzaji alipe." Hayakuwa mepesi hivyo.

Katika madhehebu yetu ya Kishafi mnunuzi aliyegundua aibu iliyokuwepo kabla ya kukabidhiwa ana hiyari ya kurudisha. Lakini gari sasa lina aibu nyingine iliyozuka mikononi mwake: injini imekufa. Wanavyuoni walilizungumza jambo linalofanana na hili katika mnyama aliyeuzwa akiwa mgonjwa na mnunuzi hajui, kisha akafa kwake. Kauli iliyo sahihi zaidi ni kwamba mauzo hayavunjiki, bali mnunuzi hurejeshewa arshi, yaani tofauti ya thamani baina ya mnyama mzima na mgonjwa. Ukilipima gari kwa kipimo hicho, utauliza: gari lenye thamostati na lisilokuwa nayo hupishana kiasi gani sokoni? Muuzaji angelisema elfu chache, na pengine angelikuwa na hoja.

Lakini yeye hakuishia kwenye hukumu ya kawaida. Kwa hiari yake alijifunga kwa karatasi: siku 90, injini na giaboksi. Sharti hilo alilitumia kuuza, na bei aliyoitaka ilikuwa ya gari lenye dhamana. Hapo karatasi aliyoishika kama ngao iligeuka ikawa hoja ya mama. Na lile neno "mabadiliko yoyote", tulimwambia, haliwezi kuchukua mabadiliko yaliyokuwemo ndani ya gari siku alipoliuza yeye. Ama viti, keria na traka, mafundi wote wawili walikubaliana kwamba havina uhusiano na maji ya injini. Keria huongeza upepo na mafuta kidogo, basi. Traka iliyofungwa vibaya huweza kumaliza betri au kuunguza nyaya. Haipindishi kichwa cha injini.

Sheria ya nchi nayo haiko mbali na hapo. Sheria ya Mauzo ya Bidhaa hutia ndani ya mauzo ya mfanyabiashara sharti la ubora hata kama halikuandikwa, na Sheria ya Kulinda Watumiaji ya mwaka 2012 haimruhusu muuzaji kulifuta kwa kifungu kidogo chini ya risiti. Mama zetu wengi hudhani kwamba kesi kama hii ni ya Kadhi. La. Katiba, kifungu cha 170, imempa Kadhi ndoa, talaka, mirathi na hadhi ya mtu. Gari ni la mahakama nyingine, nayo ni Mahakama ya Madai Madogo, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2016. Husikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni moja, mtu aweza kujisimamia bila ya wakili, na hukumu yatakiwa itoke ndani ya siku 60. Tulimtajia mwenye yadi mahakama hiyo mara moja tu, kwa sauti ya chini, kisha tukarudi kwenye kahawa.

Likabaki la taa nyekundu. Mwenye yadi alisema, na fundi wetu mwenyewe akamuunga mkono: lau mama angelisimama pale pale darajani na kuzima, huenda ingelikuwa gasketi na kuchonga kichwa tu, na gharama isingelifika hata theluthi. Hilo ni kweli. Hatukutaka kulifunika kwa sababu ni mjane au kwa sababu twamhurumia. Haki haipatikani kwa kuhesabu makosa ya upande mmoja.

Basi tukapendekeza, na yeye akakubali baada ya kwenda nje kuzungumza na mshirika wake kwa simu: yadi italipa injini, 130,000; mama atalipa kazi na vikorokoro, 38,000. Mwenye yadi, kwa kutaka kulegezewa, akamwomba mama amsamehe elfu thelathini katika ile sehemu yake, "kwa ajili ya Mwenyezi Mungu." Mama alikuwa ameshafungua kinywa kukubali. Ni mtu wa namna hiyo.

Tukamzuia. Tulimwomba aitoe ile karatasi iliyokuwa ndani ya Msahafu. Msimamizi wa mayatima aweza kusamehe kilicho chake. Hana ruhusa ya kusamehe kilicho chao. Robo tatu za gari ni zao, kwa hivyo robo tatu za hasara ni zao. Tukahesabu mbele ya wote: robo ya 168,000 ni 42,000. Akilipa 38,000 kutoka mfukoni mwake, amebaki ndani ya fungu lake, na hakuna senti ya mtoto iliyoguswa. Akisamehe thelathini zaidi, amevuka, na zile ishirini na sita zilizozidi atakuwa amezitoa katika mali isiyokuwa yake. Mwenye yadi alizitazama tarakimu hizo kwa muda, akasema, "Astaghfirullah, sikujua ni ya mayatima," akaandika hundi yote. Sisi twamsadiki kwamba hakujua. Hakuna aliyemwambia, nasi tulikosea kutomwambia tangu kikombe cha kwanza.

Siku 19 ambazo mama alikosa kazi hatukuzidai, kwa kuwa ilikuwa faida iliyotarajiwa ambayo bado haijaingia mkononi. Lakini kusema kweli hazikutupendeza, kwani katika siku hizo kulikuwa na arusi tatu.

Ununuzi wa injini ya pili ulitufunza mengine. Wauza injini zilizotumika hutoa dhamana fupi sana, wengine juma mbili, wengine ikishawaka mbele yako basi umekubali. Hupaka rangi kwenye boliti ili wajue kama imefunguliwa, na ukiigusa rangi hiyo umepoteza dhamana. Kwa hivyo fundi wetu alibadilisha kila kilichoweza kubadilishwa kwa nje kabla haijaingia: thamostati mpya, pampu ya maji mpya, mipira mipya, oili na filta. Kisha akatia kulanti iliyochanganywa na maji safi ya dukani, si ya kisima. Tulidai risiti yenye nambari ya injini na jina la duka. Nambari hiyo si ya pambo. Logibuku ina nambari ya injini ya zamani, na gari likisimamishwa au likipata ajali, injini isiyolingana na karatasi humtia mwenyewe mashakani, kuanzia kudhaniwa kuwa ni ya wizi mpaka bima kusita kulipa. NTSA yataka iarifiwe, na gari likaguliwe kabla ya logibuku kusahihishwa. Na kwa kuwa tulikuwa tumeshika kalamu, tulimwandikia mwenye bima pia juu ya viti vilivyotolewa na keria, mambo ambayo mama alikuwa hajamwambia. Bima hiyo iliandikwa kwa gari la abiria, si la masufuria. Akaongezewa kidogo kwenye malipo ya mwaka. Alilalamika, kisha akalipa.

Wale mlio na magari ya kutumika nyumbani, jaribuni hili asubuhi ya kesho: washeni gari lililolala, tazameni taa ya bluu, mjue huzimika baada ya muda gani. Mkiwa mwataka kununua, mwulizeni muuzaji kuhusu thamostati kwa jina lake, na jibu lake liwe kwa maandishi. Na karatasi ya dhamana ikisema "mabadiliko yoyote", mwombeni aandike ni yepi, na kwamba ni yale yatakayofanywa baada ya siku ya mauzo. Muuzaji mwema hatakasirika.

Ama mama yetu, injini imeingia Jumatatu iliyopita. Miadi ya ukaguzi bado anaingojea, na mwenye yadi amejitolea kwenda naye kwa kuwa anawafahamu utaratibu wao. Jumatano alituletea mahamri na mbaazi, akasimama mlangoni bila ya kuingia kwa kuwa gari lilikuwa linaunguruma nje na mwanawe mkubwa ameketi mbele. Alisema taa ya bluu ilizimika kabla hajatoka nje ya mtaa wao, na kijana ndiye aliyekuwa akiihesabia dakika.